Kabla Hujawasha

Kitabu chake kilikuja ndani ya kontena,
kimevikwa nailoni, kurasa mia na kumi,
Kijerumani mwanzo mwisho.
Daktari Mbarouk akakipindua, akacheka, akanipa mimi:
"Bi Mwanakombo, soma."
Nikasoma picha.
Mkono hauna kidole. Mtu anabingirika na chuma chake.
Mtoto kapakatwa kitini, kapigiwa kosa jekundu
kama hesabu ya skuli.
Mengine nimefunzwa na hii hii nyasi ya spitali,
juu ya kilima hiki cha Wete, miaka tisa.

Basi, Shaibu, ufunguo ninao mimi.
Usiunyooshee mkono bado.

Kwanza tembea.
Ndiyo, kwa miguu, kiwanja chote,
kama mtu aliyeangusha pete ya watu.
Okota kifuu, okota jiwe, okota kizibo cha dripu,
na ule waya waliouacha mafundi wa bati.
Kisu hakibagui.
Mwaka wa pili niliacha kipande cha tofali,
kidogo, kama andazi la senti;
kikachomoka ubavuni mwa mashine
kikapasua kioo cha wodi ya wazazi.
Mle ndani Time Khatib alikuwa anasukuma.
Mtoto akatoka palepale,
kwa kishindo au kwa wakati wake, Mungu ndiye ajuaye.
Mtaani wanamwita Kioo. Ana miaka saba,
na akiniona juu ya mashine
hujificha nyuma ya mamake.

Petroli tia asubuhi, chuma kingali baridi.
Sigara yako iache kwa mlinzi.
Ndara hizo vua. Buti za Faki zimo stoo;
la kushoto limechanika mbele, utalishona.
Usiniulize sasa.

Mvua ikiacha, wewe usianze. Ngoja ardhi inywe.
Kule mteremkoni, nyuma ya maabara,
panda moja kwa moja, shuka moja kwa moja.
Usiukate ubavu wa kilima:
kilima kitakulaza,
na chuma kitakulalia juu.

Ukitaka kurudi nyuma, zima visu, geuza shingo, tazama.
Tazama tena.
Wewe husikii kitu, mashine imekula masikio yako,
na watoto wa wagonjwa hawana kwa kwenda.
Yupo mmoja atakuja. Hakosi.
"Mjomba, nipakie, mara moja tu."
Mwambie hapana. Akilia, mwache alie.
Analia amesimama kwa miguu yake miwili.

Sasa Faki.
Faki ndiye aliyenifunza, usidhani alikuwa mjinga.
Ilikuwa Ijumaa, adhana imekaribia,
majani mabichi yameziba mdomo wa mashine.
Akazima. Alizima kweli, nilimwona.
Akashuka, akayasukuma yale majani kwa ncha ya buti.
Kuzima si kusimama, Shaibu.
Visu vilikuwa bado vinamaliza safari yao.
Nilimfunga kwa mtandio wangu,
mlango wa spitali hatua thelathini,
na zile thelathini sijamaliza kuzitembea.
Vidole viwili.
Leo anauza mbatata za urojo pale stendi.
Akipita hapa huitazama nyasi kama imekatwa sawa;
mimi hanitazami.

Kwa hiyo: zima. Chomoa ufunguo. Utie mfukoni.
Mimi husoma Kulhuwallahu mara tatu,
pole pole, bila kuruka herufi,
mpaka kimya kiingie ndani kabisa ya chuma.
Hapo ndipo nainama,
na hata hapo natumia kijiti.

Kitabu kiko stoo, kama Kijerumani unakijua.
Haya, nenda, anzia pale kwenye tangi.
Ukirudi unionyeshe ulichookota.
Ukija mikono mitupu
nitajua hukutembea.